Kidogo Kama Nini

Bukavu, Buholo, tarehe 14 Januari 2024

Kwako Noëlla, mutu aliyesahau njia,

Hauone haya? Noeli imepita, Bonane imepita, mwaka mwingine umeanza, na kiti yako hapa pa meza njo paka inalalia. Paka! Hata watu wa Shabunda, wenye barabara yao ilikufa zamani, wanakata pori kwa miguu wanafika kusalimia wazee wao. Wewe uko Lubumbashi, kwenye ndege zinashuka kila siku, na hatukuoni. Ao walikukata miguu?

Ninakuandikia barua juu simu unaikata. Nikianza tu kusema, wewe "Koko, rezo inakwenda", kisha kimya. Barua haina rezo. Na hata ukiichana, utakuwa umekwisha kuisoma.

Mwenye kuandika ni Constance, mushonaji, jirani wetu wa chini, yule mwenye pengo pa mbele na moyo muzuri. Amepanda huku kwangu na biki yake, juu mimi sishuki siku hizi, jua ni kali. Unajua darasani sikukanyaga, basi nimemuapisha ku rozari: aandike vile ninasema, hata matusi. Nimemuuliza kama ameandika "matusi". Amesema ndiyo.

Habari za nyumba. Mama mudogo Pascaline anakusalimia. Mvua ilibeba ukuta wa choo ya Papa Léopold, na mwenyewe alikuwa ndani. Sasa akipita anasalimia watu akiangalia chini. Kuku mweusi ametotoa. Kasiksi ya Bonane ilikuwa chungu, lakini watu walikunywa, watu wa Buholo hawakataaki kitu.

Sasa neno lenyewe. Binamu yako Hugues alifika Bonane. Alikula nyama yangu, akapanguza midomo, njo akasema: "Koko, Noëlla aliacha hopitali. Aliacha bluzi nyeupe ya udokta. Anakaa mu chumba na mashini yake ya kuandikia, anakorije makosa mu maandishi ya wadokta wengine, hana shefu, hana saa ya kuingia." Nilimuambia arudishe ile nyama.

Noëlla, mimi njo nilikulea toka mama yako alibakia Shabunda. Niliuza sambaza ku soko ya Kadutu mupaka harufu ya samaki ikakataa kutoka mu mikono yangu, na wewe ukasoma udokta. Siku ya kwanza ulivaa ile bluzi nilitembea mbele yako Kadutu nzima kama mupiga ngoma mbele ya mwami. Na sasa? Mugonjwa analia, wewe unaweka virgule, kale kamukia ka maandishi? Virgule gani iliponesha mutu? Mutu akiangalia sambaza ku picha, atajua kama zimeoza?

Mimi niko muzuri. Niko na kidonda kidogo chini ya muguu, hakuna neno, majani inatosha. Pascaline anapiga kelele hopitali, hopitali. Nimewaambia wote: kuna dokta mumoja tu atagusa hii muguu, ni yule niliuzia samaki. Kama hayuko, basi muguu itangoja.

Ni mimi Koko yako, M'Bisimwa, anayekupenda, lakini leo hapana.


Lubumbashi, 20 Februari 2024

Koko M'Bisimwa,

Nakusalimia wewe na nyumba yote. Barua yako ilifika jana na Papa Firmin, mfanyabiashara wa samaki wakavu. Alipita Uvira, akangoja boti, akapita Kalemie, ndiyo maana imechelewa na inanuka kama begi lake. Mimi mzima. Nakula vizuri, nalala vizuri, wateja ni wengi. Mpe pole Papa Léopold, usimcheke.

Unasema hujui kazi yangu ni kazi gani. Nimeamua kukuonyesha. Barua yako naifunga pamoja na hii. Nimeipitia kwa biki nyekundu, kama ninavyopitia maandishi ya madaktari kabla hayajachapwa. Mimi sibadilishi maneno ya mtu, Koko. Nikikuta jambo halisimami, napiga mstari chini yake na kuuliza pembeni. Mwenye maandishi ndiye anayejibu. Constance atakusomea pembeni.

Pale uliposema "kidonda kidogo" nimeuliza: kidogo kama nini? Kama ukucha, kama kifuniko cha chupa, kama kiganja? Pale "hakuna neno": nani alisema, na aliangalia lini? Pale "majani inatosha": majani gani, na kidonda kinafunga au hakifungi? Wewe una ugonjwa wa sukari. Neno hilo halipo popote katika barua yako, mtu akiisoma atadhani ulikanyaga mwiba. Na pale "niko muzuri" nimepiga mistari miwili. Miaka yote wewe ndiye uliyekuwa unashuka kwa Constance, unakaa kwenye cherehani yake na kumchelewesha. Leo yeye ndiye anayepanda. Jua la Januari, Koko? Mbona kwenye barua hiyohiyo mvua imebomoa choo?

Nijibu, mstari kwa mstari.

Habari ya hospitali imekwisha. Siizungumzi.

Mjukuu wako,
Noëlla


Bukavu, tarehe 2 Aprili 2024

Noëlla,

Ninakusalimia juu asiyesalimia ni munyama. Pasaka ilipita muzuri, tulichinja mbuzi. Kichwa ulipaswa kula wewe, tumepa paka, yeye ni mwenye kiti.

Umenirudishia barua yangu! Hapa kwetu mutu akituma mboga kwa jirani, sahani inarudi na kitu ndani, hata chumvi. Wewe umerudisha sahani yangu imetemewa mate. Constance aliifungua mbele ya Pascaline na wamama wote wa likelemba, wale tunachanga feza pamoja, walidhani kuna picha ya bwana umepata. Wakaona nyekundu, nyekundu, kama kuku amekufia pale. Pascaline akapiga makofi: "Aka! Koko ameanguka examen!" Walicheka mupaka Constance akashika mulango asianguke. Mimi ambaye shule sikuiona, umeniingiza kwa nguvu na kuniangusha siku ileile.

Sitajibu hata swali moja. Muguu ni yangu, si maandishi ya dokta wako.

Lakini kama njo mchezo tunacheza, na mimi niko na masikio. Nilimuambia Constance asome barua yako polepole. Nikachukua kipande ya makala ya kupikia pa mbabula, baridi. Pale nilisikia uongo niliinua mukono, Constance ananionyesha musitari, naupaka mweusi mimi mwenyewe. Njo maana karatasi yako inakurudilia chafu vile.

Pale "nakula vizuri": Papa Firmin alikuona. Alisema ulimupa chai kavu, na mukate ulikuwa unaukata kama hostia. Alisema pale pa mabega mifupa yako inaweza kuchota maji ya mvua. Pale "wateja ni wengi": wengi kama nini? Kama sambaza mu beseni, ao kama meno ya Constance pa mbele? (Amekataa kuandika hii. Nimemukumbusha rozari.) Pale "nalala vizuri" nimepaka mara mbili, kama ulivyonifanyia.

Na pale pa hopitali sikupaka kitu. Pale hakuna uongo. Pale kuna shimo. Mutu akipanda kilima mupaka juu hashuke bure. Walikufukuza? Uliua mutu? Sema. Ukiwa mudogo nilikuwa nakupa kuku uchinje, unaganda na kisu mu mukono, kuku inakuangalia, na wewe unaangalia kuku, mupaka mimi njo nafika kumaliza. Ni ile?

Usinitumie tena nyekundu. Nitakutumia yangu.

M'Bisimwa


Lubumbashi, 19 Mei 2024

Koko,

Salamu. Nafurahi kwamba paka alikula kichwa cha mbuzi. Mwambie mama mdogo Pascaline examen haijaisha.

Makaa yako yamepaka mahali panapostahili. Wateja si wengi. Nilikuwa na mmoja wa maana, sasa sina. Nitakusimulia, ili wamama wa likelemba wapate zamu ya kunicheka mimi.

Ni daktari mzee wa hukohuko Bukavu, Dokta Stanislas. Mtu mfupi, mwenye jina kubwa, hata wanafunzi wake wana wanafunzi. Alinitumia maandishi yake juu ya vidonda vya miguu vya watu wenye sukari. Alitaka nimnyooshee Kifaransa, basi. Mwanzoni alikuwa ametaja ni wagonjwa wangapi aliowaona. Mwishoni nikajumlisha waliopona, waliokatwa mguu na waliokufa: hawatimii. Nikaandika pembeni kwa nyekundu: "Hawa wengine umewapeleka wapi?" Nilimwandikia kama askari wa barrière ya barabarani anayetaka kufungua begi la mtu. Na si pale tu, kila ukurasa. Nilidhani ndiyo bidii. Alinijibu mstari mmoja: "Mademoiselle, nilitafuta fundi, sikutafuta hakimu." Kisha akawaambia wenzake wote, na simu yangu ikanyamaza kama ya marehemu.

Swali lilikuwa la haki, nalishika hata leo. Lakini nimejua kwamba swali lilelile linaweza kuingia kwa mlango au kwa dirisha. Mimi niliingia kwa dirisha, usiku, na panga.

Na usiniambie ni kazi ya kuangalia samaki kwenye picha. Wewe sokoni ulikuwa unafanya nini? Mwenye kukuuzia alipanga sambaza zinazong'aa juu. Wewe ulikuwa unasukuma mkono mpaka chini ya beseni, unazipindua mbele ya watu, na waliokuwa wanakuchukia kwa ajili ya hiyo walikuwa wengi. Ndiyo kazi ninayofanya. Ulinifundisha mwenyewe, sasa unanitukana nikipindua.

Wale waliopungua madaktari wanawaita "waliopotea machoni". Walikuja mara moja, hawakurudi tena. Mama mdogo Pascaline aliniambia kwa simu kwamba kiangazi kilichopita ulilazwa, na ukatoroka kupitia jikoni mwa hospitali. Kwa hiyo kati yetu wawili, aliyepotea machoni ni nani?

Kwa nini niliacha, siwezi kukuandikia. Kila neno langu linapita mdomoni mwa Constance kabla ya kufika kwako.

Noëlla


Bukavu, tarehe 23 Juni 2024

Noëlla,

Salamu zako nimezipokea, nimeziweka pale. Papa Léopold amejenga choo mupya na mulango wa chuma, sasa anasalimia watu na kichwa juu kama depite wa bunge.

Pascaline ni radio, haina hata button ya kuzima. Ndiyo, nilipita jikoni, juu mulango wa mbele ulikuwa na watu wengi. Ni kosa gani?

Yule Dokta Stanislas alikuambia haki. Mutu hachambue mukubwa wake vile. Lakini wale watu walienda wapi? Hii umeniachia mu kichwa kama nzi mu kibuyu. Sasa hata nikipika nafikiri: walienda wapi? Usinijibu.

Unamuogopa Constance? Siku nilizika muzee wangu, Constance njo alinifunga kitambaa. Ameniona nikilia na ameniona nikiwa uchi, na hakuna mwingine mu hii Bukavu anaweza kusema vile. Kama neno yako haiwezi kusemwa mbele ya Constance, basi si neno, ni uvivu.

Sina mengi. Vaa bluzi. Siku nitasikia umeivaa, siku ile nitanyoosha muguu. Bila ile, acha majani yafanye kazi. Nimemaliza.

M'Bisimwa

Noëlla, ni mimi Constance. Yeye anadhani naandika adresi. Niliapa ku rozari kuandika vile anasema, sikuapa kunyamaza. Kidonda si kidogo. Inanuka. Anachoma majani ya mikaratusi asubuhi na mangaribi ili watu wakiingia wasisikie harufu, na wanaosikia wanajifanya hawasikii. Kidole cha mwisho imekuwa nyeusi. Haendi tena misa, anasema padri anahubiri muda murefu. Fanya haraka, lakini usiniuze.


Lubumbashi, 24 Julai 2024

Koko,

Sina salamu ndefu. Barua hii inakuja kwa ndege, mkononi mwa sista mmoja wa Bukavu, sikutaka ipitie Kalemie. Jana nilipiga simu ya Constance nikaomba wewe. Nilikusikia nyuma, Koko: "Muambie nimekufa." Kisha ukakohoa. Marehemu hawakohoi.

Constance, soma hii yote, usiruke mahali.

Ulitaka neno, chukua neno. Sikufukuzwa. Sikuua mtu. Ni ile ya kuku. Mbele ya karatasi simuogopi yeyote, hata Dokta Stanislas. Mbele ya mgonjwa mikono yangu inaganda. Wenzangu walikuwa wanaingia katika chumba cha wagonjwa kama wanaingia kwao. Mimi nasimama mlangoni kwanza, nangoja moyo ushuke, halafu naingia nikitabasamu kama mwizi. Siku moja mama aliyetoka kuzaa alianza kuvuja damu. Kila kilichopaswa kufanywa nilikuwa nacho kichwani, kwa mpangilio, ningeweza kukiimba. Nikaganda. Muuguzi alinisukuma kando kwa kiwiko akafanya yeye. Yule mama alipona. Muuguzi hakumwambia mtu, na mimi nilishindwa hata kumshukuru. Nilivua bluzi wiki ileile.

Sasa naanza chini kabisa, na hiyo pia inaniogopesha, lakini ni woga ninaoweza kula nao. Nimepata mtu mmoja, mwanamke anayefanya utafiti wa malaria huko Kisangani. Nilimuuliza maswali yangu kwa adabu, na alinijibu yote. Mwisho wa mwezi ananitumia maandishi mengine.

Kwa hiyo sikia, na uombe usomewe mara mbili: kwenye bluzi sirudi. Siyo mwaka huu, siyo mwaka ujao. Mguu wako si kamba ya kunivutia. Umeufunga shingoni mwangu tangu Januari na unavuta. Ukioza, utaoza kwako, hautaoza kwa ajili yangu. Na usiniulize nimejuaje kwamba unaoza. Mimi nasoma.

Sikuandika kitu kwa nyekundu. Nina swali moja, na limegonga mlango, linangoja nje: kule hospitali, walikuambia nini?

Ukinijibu nakuja. Usiponijibu nakuja pia, lakini nitafika na hasira.

Noëlla


Bukavu, tarehe 11 Agosti 2024

Noëlla,

Umetukana muguu yangu. Constance alifika pale pa "utaoza" akasoma na sauti ya panya. Nilimuambia arudie na sauti ya mutu. Akarudia. Basi sasa tunazungumza.

Habari za nyumba: paka imezalia pa kiti yako. Tafuta mahali pengine pa kukaa. Na Constance nimemuuliza adresi gani ile ilichukua nusu karatasi, na mwenye kuiandika anatoka jasho. Analia hapa mbele yangu na anaandika. Muache alie, ana haki, lakini aandike.

Umegonga. Nafungua.

Walikuja asubuhi. Mbele dokta mufupi, nyuma wanafunzi musitari kama bata. Wakafunua muguu. Wakazungumza Kifaransa juu yake, huku na huku, kama mimi niliileta nikaiacha pale nikaenda zangu soko. Mumoja alikuwa anaandika. Mumoja alikuwa anaziba pua kwa adabu. Nilishika neno moja tu, "amputer", kukata muguu. Hii hata mutoto wa Minova anaijua, vita ilitufundisha Kifaransa yake. Hakuna mutu aliniangalia uso. Hakuna aliniuliza nilikanyaga nini, kidonda ilianza lini, kama panda shuka za Buholo nitazipanda na nini wakiisha kukata. Mangaribi wakaleta karatasi ati nitie kidole. Nikasema naenda kukojoa. Wapishi wa jikoni walinionyesha njia, na walinipa bugali ya kula mu njia. Wale njo watu peke yao waliniuliza kitu mu ile hopitali. Waliniuliza kama nina njaa.

Kama yule mufupi ni yule wako, sijue. Wadokta wafupi ni wengi. Lakini wale alipoteza, ukimuandikia tena, umuambie mumoja iko Buholo, anakunywa chai, na jina yake anaijua.

Toka ile siku kila mutu anajua. Pascaline anajua, padri anajua, Hugues na mudomo wake ya mafuta anajua: nenda, nenda, nenda. Wote wanasukuma. Ni wewe peke yako uliuliza kidogo ni kama nini, na biki yako mubaya. Nilikasirika, Noëlla. Hata leo nimekasirika. Lakini ile karatasi sikuichoma. Nilimuambia Constance anisomee ya pembeni peke yake, bila maneno yangu. Ni maswali tu, musururu. Nilisikia kama mutu amekaa pa kitanda.

Basi andika. Ni kama kifuniko ya sirage ya viatu, ile kubwa. Kidole cha mwisho imekuwa nyeusi na cha pili inaifuata. Majani ni ya mubirizi. Kidonda haifungi. Sukari sipimi toka Noeli. Na hainiumi, Noëlla. Naweza kusukuma shindano ya kushonea pale nisisikie kitu. Hii njo inaniogopesha, kuliko kama ingekuwa inauma. Hii sikumuambia mutu.

Kazi yako siipendi. Haina harufu, haina jina, mutu akiniuliza ku soko mujukuu anafanya nini nitasema nini? Lakini nimeikumbuka ile kuku. Nilikuwa nimesahau kipande. Nilipokunyanganya kisu, wewe ulibakia umeishika miguu, ukaniuliza: "Koko, nayo inajua?" Nimechinja kuku toka ningali musichana, hakuna mutu aliwahi kuniuliza hivyo. Nilikupiga kofi. Na nilipaswa kujua pale pale kwamba huyu si wa kisu.

Ile bluzi yako ya kwanza iko hapa mu sanduku yangu. Nitawatandikia watoto wa paka.

Sasa sikia, na usinikate, hii si simu. Kuja na ndege, boti ya Kalemie muachie Firmin na samaki yake. Ukifika usipite mulango wa mbele, radio Pascaline atakushika pale mupaka jua liingie. Pita nyuma, kwa jikoni. Ukule kwanza, mbele yangu, sitaki ile mifupa. Kisha Constance na Papa Léopold watanibeba na tutashuka wote ku hopitali. Mimi nitalala. Wewe utasimama pa kichwa yangu. Usiguse kitu. Kama unaganda, ganda, nani atakuona, wataangalia muguu. Lakini kila neno watasema juu yake, ulisimamishe. Wanakata wapi. Juu ya nini pale, na si pa vidole tu. Nani alisema, na aliangalia lini. Wakikasirika, ingia kwa mulango. Wakikataa mulango, pita dirisha, nakuruhusu. Na wanijibu mimi, kwa Kiswahili, wakiniangalia uso. Nikishasikia, njo nitatia kidole ku karatasi yao.

Na ile biki ya bleu uiache Lubumbashi. Ulete nyekundu.

Koko yako, M'Bisimwa